Mnaosifia London ya kale hebu niambieni, ile harufu mliiona wapi kwenye picha?

Wakuu leo nimekuja na hasira zangu. Kila siku lazima atokee mtu na picha ya London enzi za Malkia Victoria, wazee wana kofia ndefu, magari ya farasi, taa za gesi, halafu chini anaandika eti wenzetu walistaarabika zamani sana. Walistaarabika wapi?

Hao farasi mnadhani walikuwa wanakunywa petroli? Barabara zilikuwa mavi matupu, mvua ikinyesha yanakuwa uji, mpaka kukawa na watoto kazi yao ni kukaa njia panda na ufagio, bibie mwenye gauni la kuburuza akitaka kuvuka dogo anamfagilia kanjia kwanza ndo anatupiwa peni yake. Na kuna wengine, hawa ndo waliniacha hoi, wanazunguka mtaani na ndoo kuokota mavi ya mbwa, wakijaza wanaenda kuuza kwa watengeneza ngozi kule Bermondsey kwa sababu yalitumika kusafishia ngozi laini. Kwa hiyo yule bwana mwenye glavu safi kwenye picha yako, usimpe mkono haraka.

Sasa njoo kiangazi cha 1858. Matajiri walishafunga vyoo vya kuvuta maji, wakaona wameyamaliza, kumbe ukivuta tu mzigo wote safari mto Thames, mto ambao miaka michache nyuma kampuni za maji zilikuwa zinachota humohumo na kuwauzia watu wanywe! Joto likapiga, harufu ikapanda mpaka bungeni maana bunge liko kandokando ya mto, mapazia yakaloweshwa chokaa yenye klorini na wapi, Disraeli waziri wa fedha mzima akaonekana anatoka chumba cha kamati kaziba pua na leso. Kipindupindu kimeua raia miaka na miaka wao porojo tu, lakini ilipowafika puani wenyewe sheria ikapita ndani ya siku 18, injinia Bazalgette akapewa hela za kujenga mifereji ya majitaka. Aisee!

Na kinachochekesha, daktari John Snow alishaonyesha tangu 1854 kwamba kipindupindu kiko kwenye maji ya pampu ya Broad Street, mtaa wa hukohuko London, wakubwa wakang'ang'ania ni hewa chafu. Mifereji wakaijenga kwa kukimbia harufu, kipindupindu kikapungua kwa bahati yao.

Halafu 1866 Livingstone anafika Zanzibar, anaandika kulalamika jinsi mji unavyonuka. Sikatai, ufukwe kweli ulikuwa jalala, lakini mzee si umetoka kwenye nchi ambayo miaka 8 tu nyuma wabunge walikuwa wanakimbia choo chao wenyewe?

Anayebisha aje na hoja, na zile picha msinitag tena.