Watoto wetu wanachezeshwa "hamsa ishirini" makumbusho, tena kwa kiingilio chetu!

Wakuu, poleni na majukumu. Tangu Jumamosi nina hasira, nimejaribu kuzimeza zimekataa kushuka. Acha niziseme hapa.

Nilisindikiza darasa la mwanangu, wako la sita, kwenye makumbusho moja iliyomo ndani ya boma la zamani la Mjerumani. Jina silitaji. Chumba cha tatu ni cha adhabu: mnyororo wa shingoni, pingu, na kiboko kimening'inizwa ukutani. Mwongoza wageni, kijana mchangamfu tu, akauliza, "Nani anajua kiboko?" Mikono yote juu. "Haya, nani shujaa aje alale hapa?"

Akajitokeza mtoto mmoja, akalazwa kifudifudi kwenye benchi. Kijana akachukua kiboko cha kuigizia, akawa anachapa sakafu pembeni ya benchi huku darasa zima likihesabu kwa kelele. Moja! Mbili! Tatu! Mwalimu anarekodi kwa simu. Kufika tisa yule mtoto alikuwa ameacha kucheka. Kufika kumi na nne ameshafunika uso kwa viganja. Wenzake ndiyo kwanza wanapaza sauti, maana wameambiwa mwisho ni ishirini na tano.

Nikapiga kelele: acheni! Kijana akanigeukia, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, tunawachangamsha tu watoto, la sivyo wanasinzia."

Wanasinzia? Kwa habari hii?

Kwetu ni Kipatimu, milima ya Umatumbini. Bibi yangu mzaa mama alikuwa hatamki ishirini na tano. Akikuhesabia maembe, akifika ishirini na nne anasema "na jingine", kisha ishirini na sita. Tulimcheka utotoni tukidhani hajui hesabu. Baadaye mama ndiye aliyenieleza kwamba hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, lilikuwa jina la adhabu, na baba yake bibi aliipata kwenye shamba la pamba la jumbe, mbele ya wanawe. Watu walikuwa wanaswagwa kwenda kulima pamba ya serikali huku mashamba yao yanaota majani. Ndiyo maana Julai 1905 Wamatumbi waling'oa ile pamba kule Nandete, na vita ya Maji Maji ikaanza. Sasa mtoto wa kitukuu cha yule mzee kasimama Jumamosi anahesabu kwa vifijo. Mwanangu naye alikuwa anahesabu, wakuu. Nilimsikia sauti yake.

Na kama ni kuwachangamsha, mbona hawakuambiwa ile amri yenyewe? Aprili 1896 Chansela wa Ujerumani, Hohenlohe, aliweka kanuni za kuchapa watu huku kwetu. Kiboko kisizidi mapigo 25 kwa mara moja. Hukumu ikiwa kubwa zaidi, yaliyobaki yangoje wiki mbili. Fikirieni hilo: mtu anarudishwa benchini kidonda kikiwa ndiyo kinaanza kufunga, na huyo aliyeandika wiki mbili alikuwa ameketi Berlin na kalamu yake, akijiona amepunguza ukali. Mzungu lazima asimamie. Wanawake wasichapwe. Mwarabu asichapwe, Mhindi asichapwe. Aliyebaki ni nani? Mtoto wa miaka kumi na miwili akielezwa hivyo hasinzii. Atauliza maswali mpaka gari linafika nyumbani.

Ukutani hakuna hata mstari mmoja wa hayo. Chini ya kile kiboko pameandikwa "Fimbo ya ngozi, enzi ya Wajerumani". Basi.

Pembeni kuna picha ya wanaume kama wanane wameunganishwa kwa mnyororo mmoja shingoni, majembe mikononi. Maelezo yake: "Wafanyakazi wakitengeneza barabara." Wafanyakazi! Nilisoma mara tatu nikidhani macho yangu yana kasoro. Picha inayofuata ni ya ofisa wa kizungu na sharubu zake. Huyo ana jina kamili, cheo, na miaka aliyokaa. Msiniambie majina ya Waafrika hayapatikani. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi mwaka 1900. Nduna Songea Mbano alinyongwa 1906, na wenzake zaidi ya sitini waliingizwa kaburi moja, kila Februari wanakumbukwa. Hata mtumishi Mabruk na msichana Jagodia, walionyongwa kwa amri ya Carl Peters, kamishna wa Kijerumani kule Kilimanjaro, majina yao yamebaki, kwa sababu kashfa ile ilifika hadi bungeni Ujerumani na Peters akaachishwa kazi 1897. Majina yapo kwa anayeyatafuta.

Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda Songea, akasimama makaburini, akaomba msamaha. Mwenye kosa kainamisha kichwa, sisi wenye msiba tunaugeuza mchezo wa kuhesabu.

Jambo jingine, nalo naliweka kwa sababu limenikaa kooni. Ile mikono yote iliyonyooka kuulizwa nani anajua kiboko. Wanakijua wapi? Kwenye basi mwalimu alikuwa na fimbo yake, imeegemezwa karibu na dereva. Kanuni zetu bado zinaruhusu mwanafunzi kuchapwa hadi viboko vinne. Sitaki uzi huu ugeuke mjadala wa viboko shuleni, kila mtu ana msimamo wake. Ila nadhani yule mtoto aliyefunika uso alikuwa haigizi.

Kabla ya kutoka niliomba kitabu cha wageni. Safu ya maoni ni mstari mmoja mwembamba, na juu yangu pamejaa "Nzuri sana", "Tumefurahi". Nikaandika, nikavuka mistari ya watu watano wanaokuja. Dada wa mapokezi akaniambia, "Mama, hapo ni pa maoni mafupi."

Nimeandika barua kamili, kurasa mbili. Nataka mchezo ule ukome, nataka neno "wafanyakazi" liondolewe chini ya picha ya watu waliofungwa shingo, na amri ya 1896 iwekwe kwa Kiswahili kando ya kile kiboko. Mwenye kujua anayeandika yale maelezo ya ukutani ni ofisi gani, anijulishe hapa. Jumatatu naipeleka kwa mkono.