Tupeane uzoefu: mfumo endeshi ulipogoma kuingia kwenye kompyuta ya nyumbani, chanzo kilikuwa nini?

Mwanzisha uzi, Morogoro

Ndugu zangu, tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, jamaa na majirani wengi wamejaribu kupiga Windows 11 au Ubuntu (mfumo wa aina ya Linux) wao wenyewe nyumbani, na si wachache walioishia kwenye kioo chenye ujumbe wasiouelewa. Lipo jambo moja linalonisikitisha sana: usakinishaji ukigoma, ushauri wa kwanza ni kufuta diski nzima na kuanza upya, na katika kufuta huko zinapotea picha za marehemu, tasnifu za wanafunzi na hesabu za maduka, ilhali mara nyingi tatizo halikuwa kwenye yale mafaili hata kidogo. Namwomba kila aliyepatwa na jambo hili atueleze alichokiona kwenye kioo, alichodhani, na kilichobainika baadaye. Nianze mimi.

Kompyuta yangu ya mezani ni ya mwaka 2018, ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo vigezo vya Windows 11 inavifikia. Nisichokijua ni kwamba Windows 10 iliyokuwemo ilipigwa na fundi kwa mtindo wa zamani wa BIOS, ile programu ndogo ya ubaomama inayoiwasha kompyuta. Nilipogeuza mpangilio kuwa UEFI (mtindo mpya, uitwao pia EFI) na kubuti, yaani kuiwasha kompyuta, kwa flashi, programu ya usakinishaji ilifika kwenye orodha ya patisheni (sehemu za diski kama C na D) ikakataa kuendelea, ikieleza kwamba diski ina jedwali la MBR (mpangilio wa zamani wa patisheni) na kwamba kompyuta iliyowashwa kwa EFI hukubali diski za GPT (mpangilio mpya) peke yake. Mtu niliyemwomba msaada kwa simu alinielekeza nibonyeze Shift na F10 kwa pamoja, niingie diskpart (programu ya kupanga diski kwa amri), kisha niandike clean. Ninamshukuru Mungu kwamba kabla ya kubonyeza Enter nilimuuliza swali moja: je, patisheni D, yenye picha zote za harusi ya wazazi wangu, itabaki? Akanyamaza, kisha akasema hana hakika.

Haibaki. Amri ya clean haifuti patisheni moja. Inaondoa jedwali lote la diski iliyochaguliwa, C na D zote zinakwenda. Nilikatisha kazi, nikarudisha mpangilio wa zamani wa BIOS, na Windows 10 ikawaka kama kawaida kwa sababu hakuna kilichokuwa kimeguswa. Nilinakili mafaili kwenye diski ya nje kwa muda wa saa tatu hivi. Kisha nikasoma na kugundua kwamba Windows 10, tangu toleo la 1703, ina kifaa chake kiitwacho mbr2gpt kinachogeuza jedwali kutoka MBR kwenda GPT bila kufuta data, mradi diski isiwe na patisheni kuu zaidi ya 3 wala patisheni za ndani ya nyingine. Nilianza na /validate pamoja na /allowFullOS (ruhusa ya kufanya kazi ndani ya Windows iliyokwisha kuwaka) ili kipime tu bila kubadilisha kitu, kikakubali, ndipo nikaandika /convert badala ya /validate. Nikageuza tena BIOS kuwa UEFI, na safari hii diski ikapokelewa.

Naongeza jambo moja kwa wanaojiuliza kwa nini kuna mifumo miwili. MBR ni mpangilio wa mwaka 1983, ulikuja na PC DOS 2.0, unaruhusu patisheni kuu 4 tu na hauwezi kuhesabu zaidi ya takriban TB 2. GPT ilitungwa ili kuvuka mipaka hiyo. Kwa hiyo ule ujumbe haukuwa unasema diski yangu ni mbovu. Ulikuwa unasema kwamba namna nilivyoiwasha kompyuta na namna diski ilivyopangwa havilingani, na mtu aliyekuwa akinielekeza hakuusoma hadi mwisho.

Mchangiaji, Mwanza

Ninashukuru kwa uzi huu. Kwangu kioo kilionyesha namba 0x80070570, pamoja na maelezo kwamba mafaili yanayohitajika hayawezi kusakinishwa kwa kuwa huenda yameharibika au hayapo. Nilidhani faili la picha ya Windows lilikatika wakati wa kupakua, kwa sababu mtandao wa hapa nyumbani husuasua jioni. Nikalipakua upya, na kwa kuwa lina zaidi ya GB 5, kila anayenunua bando anafahamu maumivu yake. Tatizo likabaki lile lile.

Mara ya tatu sikupakua tena, bali nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: niliandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256 (hesabu inayotoa alama ya kipekee ya faili), nikalinganisha herufi na tarakimu zilizotoka na zile zilizochapishwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Zililingana zote, kwa hiyo faili lilikuwa zima, na kilichobaki kushukiwa ni flashi. Nilikuwa nimeinunua kwa mchuuzi, imeandikwa GB 64, na kompyuta nayo ilisoma hivyo hivyo. Nikaipima kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza flashi kwa data na kisha kuisoma upya, ikabainika kwamba nafasi halisi haifiki hata GB 4. Kidhibiti cha ndani kimeandikwa upya ili kidanganye ukubwa. Data ya mwanzo inahifadhiwa vizuri, inayozidi hapo inapokelewa bila malalamiko lakini ikisomwa inarudi takataka. Ndiyo maana flashi ilibuti na kuanza vizuri, halafu ikaanguka ilipofika kwenye faili kubwa la install.wim.

Nawaomba sana, pimeni flashi mpya siku mnayoinunua. Mimi niliitumia flashi hiyo kuhifadhi mitihani ya wanafunzi wangu kwa miezi miwili, na sehemu kubwa ya mitihani hiyo haifunguki.

Mchangiaji, Mombasa

Kisa changu kinamhusu dada yangu, aliyenunua kipakatalishi chenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 11 na kuniomba nimwekee Windows upya. Nilipofika mahali pa kuchagua diski, orodha ilikuwa tupu kabisa. Hapakuwa na patisheni yoyote, wala onyo la aina yoyote. Tulimpelekea fundi, naye akasema SSD, yaani diski ya ndani, imekufa na akatutajia bei ya mpya. Dada alikuwa tayari ameanza kuhesabu pesa.

Kilichonifanya nisite ni kwamba asubuhi ile ile kipakatalishi kilikuwa kimewaka na kufanya kazi kwa Windows ya zamani. Diski iliyokufa haiwaki asubuhi. Nikaingia BIOS nikaikuta imeorodheshwa kwa jina na ukubwa wake. Ndipo nilipojifunza kwamba tarakilishi nyingi za kizazi hicho na vilivyofuata huwa na kipengele cha Intel kiitwacho VMD, ambacho hukaa kati ya prosesa na SSD, na programu ya usakinishaji isipokuwa na draiva yake (programu ya kukitambua kifaa) haioni chochote nyuma ya pazia hilo. Dawa ni mbili: kukizima kipengele hicho katika BIOS, au kuweka draiva ya Intel RST kwenye flashi na kuipakia pale penye kitufe cha kupakia draiva.

Nilichagua njia ya pili, nami nikakosea mara moja. Draiva hupakuliwa ikiwa faili moja la .exe, na ukiliweka hivyo kwenye flashi halionekani. Ni lazima ulifumue kwanza ili upate folda yenye mafaili ya .inf. Nilipofanya hivyo, diski ilijitokeza mara moja. Tahadhari kwa anayependelea kuzima VMD: fanya hivyo tu ikiwa unasakinisha upya kabisa na umekwisha kunakili data yako, kwa sababu Windows iliyowekwa VMD ikiwa imewashwa kwa kawaida hushindwa kuwaka ukiizima ghafla.

Mwanzisha uzi, Morogoro

Kaka wa Mombasa, hilo la diski isiyoonekana nilikuwa nalisikia bila kulielewa. Naona fundi wenu na mshauri wangu walifanya kosa moja: walitoa hukumu kabla ya kuingia BIOS na kutazama.

Mchangiaji, Unguja

Assalamu alaykum. Mimi nilisakinisha Windows mara tatu kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, na mara zote tatu usakinishaji ulikamilika vizuri. Tatizo lilikuja baadaye: kila umeme ulipokatika usiku, asubuhi kompyuta iliwaka na kioo cha buluu chenye maelezo kwamba diski ya kubutia haifikiki. Nilidhani umeme ndio unaoharibu mafaili ya Windows, na kila mara nikaipiga upya.

Mara ya nne nilitazama saa. Kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Betri ndogo ya ubaomama ilikuwa imekwisha, na kwa hiyo kila umeme ulipokatika BIOS ilisahau mipangilio yote na kurudi kwenye ile ya kiwandani, ambamo diski husomwa kwa mtindo wa RAID badala ya ule wa AHCI niliokuwa nimeuchagua wakati wa kusakinisha (ni namna mbili za kompyuta kuwasiliana na diski). Windows haikuwa imeharibika. Ilikuwa inatafuta diski kwa njia iliyokwisha kubadilishwa. Nilinunua betri ya CR2032, ambayo jina lake lenyewe ndilo kipimo chake, yaani upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, nikaiweka, nikarudisha AHCI, na Windows ile ile ya mara ya tatu ikawaka bila kupigwa tena. Ningeitazama saa tangu siku ya kwanza, ningeokoa wiki mbili na kazi zote nilizozifuta.

Mchangiaji, Arusha

Langu ni fupi. Usakinishaji ulianguka kwenye asilimia 23, kisha 61, kisha 9. Kosa linalohamahama namna hiyo lilinifanya nishuku kumbukumbu. Nilitoa kadi moja ya RAM kati ya mbili, kazi ikamalizika. Nilipoipima ile niliyoitoa kwa Memtest86+, ilionyesha makosa ndani ya dakika chache.

Mchangiaji, Muscat

Nawasalimu kutoka Oman. Nilitaka Ubuntu ikae pamoja na Windows 11 kwenye kompyuta moja, na katika kujiandaa nilizima Secure Boot (ulinzi unaozuia kompyuta kuwashwa na programu isiyoidhinishwa) kwa sababu maelekezo niliyoyafuata yalisema hivyo. Ubuntu ilikataa kuendelea, ikisema diski imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski kwa msimbo. Nikaamua kurudi Windows nijipange upya, na Windows nayo ikadai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Mimi sikuwahi kuwasha BitLocker maishani mwangu, na mle ndani kuna kazi ya miaka minne. Nilikaa mbele ya kioo kile nikitetemeka.

Kumbe kompyuta nyingi mpya hufunga diski zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti yake ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Aidha, kufuli hilo huangalia hali ya Secure Boot. Ukiibadilisha, kompyuta inajihesabu kuwa imechezewa na inadai ufunguo. Niliiwasha tena Secure Boot, na Windows ikafunguka bila kuuliza kitu. Siku hiyo hiyo niliingia kwenye akaunti kwa simu, nikaunakili ufunguo kwenye karatasi, kisha nikazima ufungaji kutoka ndani ya Windows na kusubiri hadi diski yote ifunguliwe. Nilizima pia uwashaji wa haraka, kwa sababu huiacha patisheni ya Windows ikiwa nusu imelala na Linux haiwezi kuiandikia kwa usalama. Baada ya hapo Ubuntu iliingia bila tatizo, Secure Boot ikiwa imewashwa muda wote. Haikuwa lazima kuizima hata mara moja.

Mchangiaji, Kisumu

Poleni na hongereni nyote. Nina swali ambalo huenda ni dogo kwenu, lakini mimi limenishinda tangu jana. Windows 11 inanakili mafaili hadi asilimia 100, inazima na kuwaka, kisha inanirudisha kwenye ukurasa wa kwanza wa kuchagua lugha na kuanza upya. Nimerudia mara nne. Je, niifute diski?

Mwanzisha uzi, Morogoro

Usifute chochote, ndugu yangu. Kuna uwezekano mkubwa kwamba flashi yako ndiyo ya kwanza katika mpangilio wa kubuti, kwa hiyo kompyuta ikiwaka upya inaisoma flashi badala ya kuendelea na diski. Subiri ifike asilimia 100, na inapozima ili iwake tena, ichomoe flashi wakati huo huo, si kabla. Tujulishe.

Mchangiaji, Kisumu

Nimefanya hivyo, na imeendelea hadi ukurasa wa kuchagua nchi na kibodi. Sasa imesimama ikidai intaneti, na Wi-Fi haionekani kabisa.

Mchangiaji, Mombasa

Hapo ni draiva ya Wi-Fi tu ambayo haijaingia. Chukua simu yako ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wa kuchajia, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Windows huitambua simu kama kadi ya mtandao. Chunga bando lako, kwa maana itaanza kupakua masasisho papo hapo.

Mchangiaji, Kisumu

Imekubali. Nimeingia ndani, Wi-Fi imejitokeza yenyewe baada ya masasisho ya kwanza, na patisheni ya pili yenye mafaili ya marehemu baba iko palepale. Sasa hivi ninayanakili kwenye diski ya nje.