Naomba ushauri: siga laini ya bei nafuu isiyokwaruza koo

Wakuu habari za wikiendi. Sigara sivuti kabisa ila siga (cigar, ile nene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa) huwa nawasha moja jioni ya jumamosi na kahawa yangu hapa Dar. Shida zile ninazopata zinakwaruza koo, zikifika katikati zinakuwa chungu na kichwa kinazunguka. Muuzaji ananishauri niongeze hela nichukue ya Cuba, ila kutoa laki kwa kitu cha lisaa limoja hapana. Bajeti elfu 25 mpaka 35. Nichukue ipi, na nitaijuaje nzuri kabla ya kuwasha?

Babu Robusto: Mkuu ulaini hauji na bei, angalia jani la nje. Ulizia yenye Connecticut Shade, ile ya kahawia iliyopauka, majani yake yanalimwa chini ya kitambaa kupunguza jua ndo maana ni membamba na ladha yake imepoa. Macanudo Café ni hiyo, inatoka Jamhuri ya Dominika, na Chateau Fuente pia. Za Nicaragua nyingi zina nguvu, ziache kwanza.

Mama Kahawa: Kabla ya kulipa ibonyeze kwa vidole viwili taratibu kuanzia kichwani (upande wa mdomoni) mpaka miguuni (upande wa kuwasha). Inatakiwa ibonyee kidogo halafu irudi. Ikilia kama jani kavu imekauka, hiyo itawaka haraka na moshi wake ni wa moto lazima ikukwaruze tu. Ukikuta sehemu ngumu kama fundo ujue itakaba, moshi hautapita.

Mtu wa Muscat: Na hizo za Cuba kuwa makini sana, ukiona zile za jina la Cohiba kwenye boksi lenye kifuniko cha kioo ni feki, hazipakiwi hivyo.

Mwanzisha uzi: Asanteni. Babu nikiwasha huwa navuta mfululizo isizime, hiyo ina shida?

Babu Robusto: Hapo hapo ndo penye uchungu mkuu! Vuta mara moja kwa dakika hivi, ikizima kung'uta majivu washa tena, haina neno. Tumia kiberiti cha gesi, cha petroli kinaacha harufu kwenye tumbaku. Moto usiguse, uzungushe chini ya ncha mpaka ukingo wote uwe mwekundu ndo uvute. Ikiungua upande mmoja iache ipumzike kidogo mara nyingi inajisawazisha yenyewe.

Daktari Mtaani: Kizunguzungu ni nikotini, usivute na njaa na moshi usiumeze, unakaa mdomoni unatoka. Lakini usidhani ukifanya hivyo uko salama, saratani ya mdomo na koo inawapata hata wasiomeza moshi, kwa hiyo hiyo moja ya jumamosi ibaki moja kweli, nasema kwa kukujali.

Mama Kahawa: Kuhusu kutunza, usiweke kwenye friji, inakausha na inashika harufu ya samaki. Chukua kontena la plastiki linalofunga vizuri weka na kipakiti cha Boveda, kile cha kutunza unyevu, cha asilimia 65 au 69, kabatini pasipo joto. Joto likipita nyuzi 25 kuna vijidudu vya tumbaku vinaanguliwa vinatoboa matundu, na Dar hii unaijua.

Mwanzisha uzi: Naanza na Macanudo moja, navuta polepole. Nikishaivuta naleta mrejesho humu humu.