Saraka ya mafundi mtandaoni: nitoze kuorodheshwa au kutafuta namba?

saraka_dar: Wakuu, nina saraka ya mafundi wa Dar (AC, mabomba, umeme), majina kama 600. Nataka kila fundi alipe 10,000 kwa mwaka kuorodheshwa, na mteja alipe 200 kuona namba. Bei zinasimama? Halafu kuna kampuni inataka kuhakiki namba kwa wingi kupitia API (mfumo wao unauliza saraka yangu moja kwa moja), hao niwatozeje?

mpanga_bei: Hiyo 200 iondoe, mkuu. Namba ikishaonekana inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, huiuzi tena. Na makato ya malipo kwa simu yanaimega hata kabla haijakufikia.

Kuorodheshwa nako kuwe bure: jina, fani, mtaa, namba moja. Mtu akitafuta fundi wa AC Mbagala akakuta wawili tu, harudi. Uza kinachozidi hapo, yaani picha za kazi, fani ya pili, na nafasi ya juu. Za juu ziwe tatu kwa kila fani kwa kila kata, zenye alama ya "tangazo". Ukiuza kumi, hakuna aliye juu.

hesabu_kwanza: Naongezea: mtoze fundi kwa kila mteja anayebonyeza kupiga. Tuseme ufundi wa AC ni 60,000, fundi yuko tayari kuachia 5%, yaani 3,000. Kama simu tano huzaa kazi moja, simu moja ni 600. Kazi ya bomba ya 25,000, kwa 5% hiyo hiyo na kazi moja kwa simu tatu, inakupa kama 400 kwa simu. Ukiweka bei moja kwa wote, wa mabomba watakukimbia. Uliza mafundi wako wenyewe upate viwango halisi.

Wanunue salio la 5,000 kwenda juu, ukate humo humo. Makato ya muamala utayalipa mara moja.

saraka_dar: Sawa. Na fundi akidai aliyebonyeza ni mpinzani wake anayemmalizia salio?

hesabu_kwanza: Atadai tu. Mteja athibitishe namba yake kwa msimbo wa SMS kabla ya kuona ya fundi. Namba ileile kwa fundi yuleyule ndani ya siku 7 hesabu moja. Na namba iliyosajiliwa kama fundi wa fani hiyo hiyo isikate salio la mwenzake.

api_na_ankara: Kwa ile kampuni, angalia ngazi za bei. Ukiandika "hadi 1,000 ni sh 50, zaidi ya hapo sh 30", maombi 1,000 (kila namba wanayouliza ni ombi moja) ni 50,000 lakini 1,001 ni 30,030. Watu huipata hiyo mapema sana! Andika kwamba sh 30 ni kwa yanayozidi 1,000 tu.

Ombi lisilopata jibu, yaani namba haimo kwenye saraka, usilitoze, ila weka kikomo, mfano 10% ya maombi ya mwezi. Bila hivyo mtu atapitisha namba kwa mfululizo hadi aikombe saraka yote. Kila ombi liwe na kitambulisho chake, mtandao ukikatika likirudiwa lisihesabiwe mara mbili.

Jibu lenyewe liwe "inalingana" au "hailingani", usirudishe jina. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na fundi aliyekupa namba ili apate wateja hajakuruhusu kuiuza kwa kampuni ya uhakiki. Pata ridhaa yao kwanza, ndipo utume ankara.