Mwarobaini, pareto au karafuu: kipi kinafaa kwa wadudu wa stoo na jikoni?

BintiTanga:
Wanajukwaa, salaam. Stooni nina madebe matatu ya maharage yaliyoanza kutobolewa na fukusi, na jikoni mende hawahesabiki. Kwa kuwa nina mtoto anayetambaa na paka anayelala popote apendapo, nimeacha kupuliza dawa za kopo. Majirani wamenitajia majani ya mwarobaini, unga wa pareto na karafuu. Naomba mliovitumia wenyewe mniambie kipi kinamfaa mdudu yupi.

MzeeWaMafinga:
Binti yangu, kwa mende chagua pareto, ambayo huku kwetu nyanda za juu tunailima. Maua huchumwa yakiwa yamefunguka, yakaanikwa na kusagwa, na sumu yake, pairethrini, hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, ndiyo maana mende aliyepita juu ya unga huo hupinduka miguu juu baada ya muda mfupi. Lakini usimwone amepinduka ukadhani amekufa, kwani wengine huzinduka baada ya saa kadhaa wakaondoka zao. Wafagie na kuwatupa chooni. Nyunyiza usiku nyuma ya jiko na kwenye nyufa, kisha asubuhi ufagie kabla mtoto hajaamka. Jua na hewa huiharibu pareto upesi, kwa hiyo unga uliokaa wazi dukani tangu mwaka jana ni vumbi tu. Tena usidhani ni kitu kimoja na permethrini, ambayo ilitengenezwa viwandani kwa kuiga pareto: hiyo hudumu muda mrefu, na ini la paka haliwezi kuivunjavunja, hivyo inaweza kumuua.

MpembaHalisi:
Karafuu hufukuza kwa harufu, na harufu ikiisha mdudu hurudi. Sisi tunaoanika karafuu mlangoni bado tuna mende jikoni.

MamaStoo_Dodoma:
Dada, kwa maharage nakushauri usiutegemee mwarobaini peke yake. Nguvu yake kubwa imo kwenye mbegu kuliko kwenye majani, na hata hiyo haiui papo hapo, bali humkatisha mdudu hamu ya kula na kumzuia asijivue gamba akakua. Msimu uliopita nilitandaza majani yaliyokaushwa kivulini kwenye gunia moja, na gunia la pili nikalipaka mafuta ya kula, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo, nikachanganya kwa mikono mpaka kila punje ikang'aa. Gunia la majani lilipungua fukusi. La mafuta halikuongeza tundu hata moja. Mafuta hayo huziba mayai yaliyobandikwa juu ya punje. Fukusi aliye ndani tayari hafikiwi vizuri, kwa hiyo kwanza yaanike maharage juani juu ya turubai jeusi, uyapepete, ndipo uyapake.

Kijana_wa_Shamba:
Mimi naona hofu hii imezidi. Kitu cha asili hakina madhara.

MzeeWaMafinga:
Mwanangu, utupa nao ni mmea wa asili, na wazee waliuponda wakautia mtoni samaki wakaelea. Pareto yenyewe huua samaki na nyuki, kwa hiyo mabaki yake usiyamwage mtaroni.

MamaStoo_Dodoma:
Na mafuta ya mwarobaini yawekwe mbali na mtoto, maana mtoto mchanga akiyanywa yanaweza kumletea degedege.

BintiTanga:
Ahsanteni sana. Basi pareto itakuwa ya jikoni na mafuta ya kula ya stoo. Je, maharage yaliyopakwa mafuta hayatanuka?

MamaStoo_Dodoma:
Ukizidisha kipimo, mafuta yatachacha na utayasikia hata sufuriani. Shika kijiko hicho kimoja, na maharage utakayoyala ndani ya mwezi huu usiyapake kabisa.