Nasoma uuguzi Dodoma, nina watoto wawili wadogo na zamu za usiku zinaanza. Mliopita hapa mlifanyaje?

mama_wawili_nkuhungu
Mbukwenyi wapendwa. Naombeni ushauri wa kweli maana usingizi umekata kabisa. Niko Dodoma, nimepanga Nkuhungu, nasoma diploma ya uuguzi na ukunga mwaka wa pili. Watoto ni wawili, mkubwa ana miaka 4 kaanza awali, mdogo ana mwaka na miezi mitano bado ananyonya. Baba yao ni dereva wa fuso, anapakia mahindi Kibaigwa anashusha Dar, kwa wiki namuona mara moja au mbili na akija kachoka hoi.

Mwaka wa kwanza nilimudu kwa sababu nilikuwa na dada wa kazi, binti mzuri sana, wanangu walimpenda, ila mwezi uliopita kwao walimuita akasaidie kuvuna uwele na mpaka leo hajarudi na simu haipatikani. Sasa hivi naamka saa 10 alfajiri, nakoroga uji, mkubwa namvalisha sare huku amelala, mdogo namuacha kwa mama jirani anayeuza genge, na yeye anamuweka kwenye boksi pembeni ya nyanya mpaka nirudi. Wiki iliyopita nikiwa natoka mdogo alinishika gauni la wodi akang'ang'ania, mkono wake umejaa uji, sikuona. Nimefika wodini nina alama ya vidole pale kiunoni, msimamizi akanirudisha nyumbani nikabadilishe, mbele ya wenzangu na mbele ya wagonjwa. Nilipanda boda kwenda na kurudi na hiyo hela ndo ilikuwa ya mboga, afu siku yenyewe nikaandikwa sipo.

Nina sapu (mtihani wa marudio) ya famakolojia, somo la dawa, pia. Na ratiba imetoka, baada ya wiki mbili naingia leba zamu za usiku. Mama mkwe yuko Mpwapwa anasema nimpelekee watoto wote mpaka nimalize. Mume anasema niahirishe mwaka. Mimi sitaki kuachana na wanangu na sitaki kuahirisha, ada ya mwaka huu mama yangu mzazi kauza mbuzi wanne. Mchana nitahangaika hivyo hivyo, ila usiku sina jibu.

dereva_bajaji_ilazo
Pole sana dada yangu. Mi ningesema peleka Mpwapwa. Nimelelewa na bibi mimi, tumekula mlenda na ugali wa uwele tumekua, tuko wazima. Mwaka mmoja na nusu unapita haraka, ukimaliza unawachukua ukiwa na kazi yako. Kuliko mtoto kushinda kwenye boksi la nyanya.

sista_wa_leba
Mdogo wangu pole. Mimi ni muuguzi hapa hapa Dodoma, nilisoma nikiwa na mtoto wa mwaka na nusu, umri ule ule wa wako, na mimi nilifanya hicho anachosema kaka hapo juu, nilimpeleka kwa mama yangu Kondoa. Simlaumu mama, alimtunza vizuri sana. Nilimfuata baada ya miezi saba. Nimeshuka kwenye basi na pakiti ya biskuti, mtoto kasimama nyuma ya kanga ya bibi yake, nikamnyooshea biskuti, akamuangalia bibi kwanza kama anaruhusiwa kupokea kwa huyu mtu. Bibi akaitikia kwa kichwa ndo akapokea. Leo yuko darasa la tano, tuko vizuri, lakini ule mkono sijausahau, kwa hiyo sikushauri kabisa.

Nilichokuja kufanya mwaka wa tatu ndo hiki: usipeleke watoto kwa bibi, mlete bibi kwa watoto, tena kwa zile wiki za usiku tu. Chukua ratiba ya rotesheni (kuzunguka wodi) ya semista nzima, zungushia usiku wote kwa kalamu nyekundu, hesabu. Utakuta si nyingi kama unavyoogopa, mimi nilipohesabu nilikuta wiki sita kwenye semista. Mtu akiambiwa "njoo ulee mpaka nimalize" anaogopa, ana shamba lake ana mifugo. Akiambiwa "njoo kuanzia tarehe hii mpaka hii" anajipanga.

Kuhusu gauni, usilivae nyumbani. Likunje kwenye mfuko safi, vaa ukifika. Na ukitoka livue huko huko, nawa mikono vizuri mpaka kwenye viwiko, ndo uje umshike mtoto, maana leba na wodini unagusa damu na majimaji ya kila aina na mtoto akikuona tu anarukia titi. Gauni fua peke yake usichanganye na nguo za watoto.

Kunyonya usihofu, umri huo anakula chakula cha familia, usiku akikosa titi atalia siku mbili tatu kisha atazoea, wewe mnyonyeshe kabla ya kutoka na ukirudi asubuhi. Maziwa yakijaa usiku kamua kidogo upate nafuu, ukiacha yajae tu titi litauma hadi homa. Usimuachishe kwa ajili ya shule, miaka miwili inafika hiyo.

mkufunzi_mstaafu
Binti, nimefundisha vyuo vya afya miaka mingi kwa hiyo niseme upande wa chuo. Wanafunzi wenye watoto hawafeli kwa sababu hawana akili, wanafeli kwa sababu wananyamaza. Anakosa siku moja, anakosa tatu, anaona aibu, tunakuja kujua wakati wa kusaini logibuku, kile kitabu cha kumbukumbu za vitendo, na kesi za kuzalisha hazijatimia. Nenda kwa mratibu wa mafunzo ya vitendo wiki hii, kabla ya leba, tena nenda na ratiba yako mkononi umeshaandika usiku upi unaweza na upi umekwama. Kubadilishana zamu na mwenzako kunaruhusiwa sehemu nyingi ikiwa msimamizi amejua mapema, ila mkibadilishana kimya kimya wote wawili mnahesabika mmetoroka. Na ile siku uliyorudishwa, omba uifidie sasa hivi, usisubiri mwisho wa semista.

Kuahirisha si dhambi lakini kuna utaratibu, unaandika barua kabla ya mitihani ukieleza sababu na unasubiri ujibiwe kwa maandishi. Ukiondoka bila barua hiyo inaitwa kuacha masomo, na kurudi kwake ni kazi nyingine. Ila kwa maelezo yako sioni sababu ya kuahirisha. Una sapu moja tu.

Kama ada ndo inakubana, diploma za afya siku hizi zinapata mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, tangu 2023, fuatilia dirisha la maombi likifunguliwa, na uandae cheti chako cha kuzaliwa mapema maana hapo ndo wengi wanakwama.

baba_wa_watatu
Mimi niongee na shemeji dereva kupitia kwako. Mke wangu alisoma uuguzi tukiwa na watoto wawili, mimi naendesha lori la mchanga. Nilikuwa najiona nimemaliza kazi nikituma hela. Siku moja nikakuta kalala mezani, kichwa juu ya daftari, sufuria ya maharage imeungua mpaka moshi umejaa chumba na watoto wamelala humo humo ndani. Toka siku ile nilimwambia bosi safari za usiku wiki ambazo mke ana night sichukui, nikapungukiwa hela kweli, lakini kulaza watoto nikajifunza. Mumeo aongee na bosi wake, wiki moja ya leba abebe mzigo wa Singida tu alale kwake. Asikwambie uahirishe kabla hajajaribu hilo.

mama_wawili_nkuhungu
Nimesoma yote nimelia kidogo jamani, ahsanteni. Sista hapo kwenye biskuti nimeshindwa kuendelea nikaweka simu chini. Swali, mama mkwe ana mbuzi na kuku, nani atabaki nao? Na famakolojia mnaisoma saa ngapi jamani, nikifungua daftari saa 3 usiku mistari miwili tu nimelala.

sista_wa_leba
Mbuzi mwambie awaachie wifi yako au jirani wiki hizo za usiku, mlipeni kitu kidogo. Famakolojia usiisome usiku, usiku kichwa kimekufa. Mimi niliandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati la jikoni: dozi unayotaka, gawa kwa dozi iliyoandikwa kwenye chupa, zidisha mili zinazobeba dozi hiyo. Daktari kaandika miligramu 250, chupa imeandikwa 125 kwa mili 5, basi ni 250 gawa kwa 125 ni mbili, mara 5, unampa mili 10. Nikikoroga uji nakokotoa moja, nikimenya kitunguu nakokotoa nyingine. Kila Jumapili nafuta naandika dawa tano mpya, kazi yake, madhara yake, nani asipewe. Sapu yangu ilitoka hivyo, mdogo wangu, pale pale jikoni.

dereva_bajaji_ilazo
Nimewasoma. Dada nafuta neno langu la kwanza, mlete bibi.

mama_wawili_nkuhungu
Narudi na majibu. Leo asubuhi nimeonana na mratibu, amenipokea vizuri kuliko nilivyotegemea, siku niliyokosa nafidia Jumamosi na kuna dada mmoja wa darasani tumebadilishana usiku miwili, tumeandika na msimamizi kasaini. Mume kasema wiki ya pili atalala nyumbani. Mama mkwe nimempigia nikamtajia tarehe kama mlivyosema, akanyamaza kidogo kisha akauliza huko Nkuhungu mahali pa kufungia kuku papo? Nimemwambia papo. Anapanda basi Alhamisi.

Chaki nimenunua. Kilichobaki ni mchana, nani anajua kituo cha kulelea watoto chenye usajili wa ustawi wa jamii huku Nkuhungu au Chang'ombe, kinachopokea chini ya miaka miwili na kinafungua kabla ya saa 1 asubuhi?