MJADALA: Hewa nzito darasani, tumlaumu mwalimu au mchoro wa jengo?

Wadau, kuna hoja inayorudiwa kila mara: darasa likiwa na hewa nzito, dawa ni kufungua madirisha, na mwalimu asiyefungua ni mzembe. Napinga. Hewa ya darasani huamuliwa kwenye meza ya msanifu majengo, msingi haujachimbwa.

Tupige hesabu. Darasa la mita 9 kwa 7, dari mita 3, watu 40. Kila mmoja akiwa ameketi hutoa takriban lita 15 za kabonidioksidi kwa saa. Hewa ya nje ina kama sehemu 420 za gesi hiyo kwa milioni. Funga kila kitu, na baada ya dakika kumi na kidogo mmeshavuka 1,000, kikomo alichopendekeza Max von Pettenkofer, mwanasayansi wa afya wa Ujerumani, tangu 1858. Hapo mwalimu ndiyo kwanza anaandika mada ubaoni! Na gesi hiyo ni kipimo tu. Inaonyesha mnavuta kiasi gani cha hewa iliyokwisha kupita kwenye mapafu ya wengine.

"Basi fungua." Dirisha lipi? Lile la magharibi, ambalo pazia lake limeshushwa mchana wote kwa sababu jua linapiga ubaoni na watoto hawaoni maandishi? Au lile linalofungukia ndani na kumgonga aliyeketi pembeni? Hata yakiwa wazi yote, kama yako upande mmoja na upande wa pili ni korido yenye madarasa kotekote, upepo hauna pa kutokea. Wasanifu wanaijua kanuni hii ya kukadiria: matundu ya upande mmoja huhudumia kina cha chumba kama mara mbili ya kimo cha dari, yakiwa pande mbili zinazotazamana, hufika mara tano.

*Jibu:* Mkuu, kwenye korido niko nawe. Ila umesahau barabara. Shule ikipakana na njia ya malori, kila dirisha unalofungua linaingiza moshi na vumbi laini. Wekeni viyoyozi, yaishe.

*Mleta mada:* Ndugu yangu, hoja ya barabara ni nzito, siikwepi. Lakini kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hupoza hewa ileile na kuizungusha; hakileti mpya. Penye moshi inatakiwa feni inayovuta hewa kutoka upande wa mbali na barabara, kupitia kichujio, na awepo mtu wa kukibadilisha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lita 10 za hewa kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa darasa letu ni lita 400, na njia yake isipokuwemo kwenye mchoro, baadaye ni kubomoa kuta.

Ninachodai: mkandarasi asimaliziwe malipo mpaka hewa ipimwe darasa likiwa limejaa, kipindi kizima. Mnaosimamia ujenzi, hilo linashindikana wapi?